Mama Karai na Nyumba ya Mzee

Jina la Mama Karai alipewa na mafundi wa ujenzi, na walimpa kwa kejeli. Walimwona siku moja akipita na karai la mchanga kichwani, amevaa suruali ya mumewe aliyoikunja miguuni, jasho linamtiririka, wakaanza kupigiana miluzi. Yeye akageuka, akawauliza kama kuna aliyepungukiwa na mchanga nyumbani kwao. Wakacheka, na jina likaganda.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule katika kibanda chenye cherehani tatu na wasichana wawili wa kumsaidia. Kisha sare zikaanza kuletwa madukani zimeshonwa tayari, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, bei yake ni ndogo kuliko kitambaa chake kitupu. Wasichana wakaondoka mmoja mmoja. Mama akabaki anapangusa vumbi juu ya cherehani zisizozunguka.

Jioni moja akamwambia mumewe, "Baba watoto, tuuze hizi cherehani tununue nyumba mbovu."

Mumewe alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha sabuni, mtu mpole, maneno yake ya kuokoteza. "Nyumba mbovu ya nini?"

"Tuitengeneze. Tuiuze."

"Na nani ataitengeneza?"

"Mimi. Umeme utaweka wewe."

Mumewe akacheka mpaka chai ikampalia, mkewe akampigapiga mgongoni. Lakini watoto walikuwa wameshaolewa na kuhamia kwao, na kibanda hakiingizi kitu. Alipokwisha kukohoa alisema, "Haya. Mwanamke akishaamua, mwanamume hubeba ngazi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili na paa lililooza. Mama Karai alijifunza kazi kwa macho. Alikuwa akisimama kwenye majengo ya watu, anajifanya anasubiri mtu, kumbe anatazama fundi anavyorusha plasta na kuikokota kwa ubao. Plasta yake ya kwanza ilipendeza jioni, na asubuhi akaikuta yote imelala sakafuni kama blanketi. Alikaa juu ya ndoo akaitazama. Halafu akainuka, akakwangua, akaanza upya. Cherehani ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba mshono mbaya haulaumiwi, unafumuliwa.

Nyumba ile ikauzika. Ya pili ikauzika vizuri zaidi. Wale waliompigia miluzi sasa walikuja kumuuliza anapata wapi mbao. Akaanza kutembea mabega juu kidogo, na nani angemlaumu.

Ndipo dalali akampeleka kwenye nyumba ya tatu.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, ya zamani, imejibanza mwisho wa mtaa. Madirisha yake yalikuwa marefu, ngazi yake ya mbao ngumu, na sakafu ya juu yote ya mbao, kitu ambacho siku hizi hukioni. Plasta ilikuwa imetoka mabaka, mabomba yamekufa, bati limetoboka. Lakini Mama Karai alipopitisha mkono juu ya reli ya ngazi, akahisi jinsi mtu alivyoilainisha kwa msasa mpaka ikawa kama mfupa, na moyo wake ukaangukia pale.

Wauzaji walikuwa ndugu watatu, wanaume wawili walioishi mbali na dada yao mmoja aliyeuza katika duka la dawa si mbali na hapo. Nyumba aliijenga baba yao kwa mikono yake. Mama yao alifia chumba cha juu. Tangu hapo mzee alianza kusahau, na binti alikuwa amemchukua akaishi naye.

"Mzee ametia sahihi mwenyewe?" Mama Karai aliuliza.

"Ametia."

"Akijua anachotia?"

Dalali akamtazama kwa upande. "Mama, unanunua nyumba au unanunua akili ya mzee?"

Akacheka. Dalali naye akacheka. Wakashuka ngazi, mambo yakaenda mbio. Walichokuwa nacho chote walikitia mle ndani, mpaka chumba walichopanga wakakiacha, wakahamia chumba cha nyuma cha chini katika nyumba ile ile ili wasilipe kodi mara mbili. Walilala kati ya mifuko ya saruji.

Wiki ya kwanza, asubuhi, mumewe ameshakwenda kiwandani, Mama Karai alikuwa anakwangua rangi chumba cha mbele. Mtu akaingia bila hodi. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, fimbo mkononi. Alivua kofia yake akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango bila hata kuutazama. Mkono ulikuwa unaujua wenyewe.

"Nani kakuruhusu kukwangua ukuta huu?"

"Mwenye nyumba, baba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Mama Karai akabaki na patasi hewani. Mzee akautazama ukuta, akalitazama karai, uso ukalainika. "Aa. Wewe ndiye fundi. Nilisahau kuwa nilikuita."

Angeweza kumwambia ukweli. Mdomo ulifunguka umwambie. Lakini mzee alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata kitu chake kilichopotea, na ukweli ungekuwa kama kumnyang'anya tena. Akasema, "Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Fanya kazi, usiniangalie mimi."

Kuanzia siku hiyo akawa na bosi. Mzee alikuja karibu kila asubuhi. Alizunguka vyumba mikono nyuma, akagusa kuta, akalalamika. Fundi, jana ulichelewa. Fundi, mchanga wako una udongo. Fundi wa kike sijawahi kuona, lakini mkono wako si mbaya. Mara akamwonyesha kwa uhakika kabisa mahali bomba la maji linapopita ukutani. Mama Karai akavunja pale nusu siku nzima, akakuta tofali na tofali. Baadaye binti wa mzee aliposikia alijishika kichwa: bomba lile lilikuwa la nyumba nyingine, ambako mzee alipanga alipokuwa kijana.

"Anakulipa lakini?" mumewe alimtania.

"Ananilipa maneno."

"Basi mwambie aongeze, maana hata maneno humu ndani ni adimu."

Binti wa mzee alikuwa akija mbio mbio kumchukua, koti jeupe la duka la dawa bado mwilini, pumzi juu. "Samahani, dada. Nikigeuka tu, hayupo."

"Haina neno, mdogo wangu. Hanisumbui."

Na kweli hakumsumbua. Mama Karai alimwekea kigoda karibu na dirisha. Alimzoea. Siku asipokuja alijikuta anatazama mlango.

Mambo yaliharibika ulipofika wakati wa kuvunja ukuta wa juu. Dalali alikuwa amesema wanunuzi wa sasa wanataka chumba kikubwa chenye bafu ndani, na vyumba vya juu vilikuwa viwili vidogo vilivyogawanywa na ukuta mwembamba wa tofali. Mama Karai alianza asubuhi na nyundo kubwa. Nusu ya ukuta ilikuwa chini, vumbi limejaa mpaka mtu haoni kiganja chake, aliposikia fimbo kwenye ngazi.

Mzee alisimama mlangoni. "Unafanya nini? Mke wangu amelala humo!"

"Baba, hakuna mtu humu. Tazama."

"Amelala humo! Ni mgonjwa, unamwangushia tofali!"

Fimbo ikampata Mama Karai begani kabla hajaiona. Ya pili akaidaka. Walivutana kidogo, mwanamke mwenye mikono ya saruji na mzee mwepesi kama kapu tupu, halafu mzee akaachia, akaketi chini kwenye kifusi akaanza kulia kwa sauti. Alipomaliza kulia akaanza kuokota matofali. Aliyapanga moja juu ya jingine pale ukuta ulipokuwa, makavu, bila chokaa. Yakaanguka. Akayapanga tena.

Siku ile kazi haikuendelea. Wala iliyofuata, maana mzee alirudi mapema kuliko kawaida, akaenda moja kwa moja juu, akakaa pale ukuta ulipokuwa na fimbo magotini, analinda. Mvua zilikuwa zinakaribia na bati la nyuma lilikuwa bado halijabadilishwa.

"Huyu mzee atatufilisi," mumewe alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Kamwambie binti yake. Huruma yako haitatuezekea paa."

Mama Karai akaenda duka la dawa. Alisubiri wateja wapungue, akasogea kwenye kaunta.

"Mdogo wangu, nimekuja kwa heri. Mzee inabidi mumtunze ndani. Kazi niliyofikia ni ya hatari."

Binti aliendelea kupanga chupa. "Nimtunzeje, dada? Niache kazi? Tukale wapi?"

"Labda kaka zako..."

"Kaka zangu hupiga simu kuuliza hali. Nikiwaambia hali, wanasema pole." Akaweka chupa chini. "Unataka nimfunge kamba kama mbuzi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Ila umetumia maneno mazuri."

 Mteja akaingia akanunua vidonge vya kichwa akatoka. Mwishowe binti akasema kwa sauti ya chini kwamba atakuwa anafunga geti kwa kufuli akienda kazini, na Mama Karai naye afunge mlango wake, mzee akifika asifunguliwe. Atazoea, alisema. Hakuna aliyemtazama mwenzake alipolisema neno hilo.

Mzee alikuwa na njia zake. Mara mbili alitoka, jinsi gani Mungu anajua, akafika akagonga. Mama Karai alikuwa juu. Alisimamisha nyundo, akazuia hata pumzi.

"Fundi! Nifungulie, fundi. Nimesahau ufunguo."

Akagonga tena.

"Fundi, najua upo. Naona buti zako hapa nje."

Alisimama vile vile, ameegemea ukuta, mpaka hatua za fimbo zilipopotea mtaani. Halafu akashuka akaingiza buti ndani. Hakumwambia mumewe.

Baada ya hapo mzee akapotea siku nyingi. Ukuta ukaisha kuvunjwa. Mvua zikaja na maji yakapenya pale pale palipotoboka, yakateremka kwenye sakafu ya juu, na Mama Karai alipogonga mbao za ukumbini, mbele kabisa ya mlango wa chumba kikubwa, akasikia mlio wa kitu kitupu. Akaingiza patasi, ikazama kama kwenye mkate. Mchwa. Akaing'oa ile sehemu yote kutoka boriti hadi boriti, likabaki shimo ambalo kitanda kingepita. Chini ya shimo ndipo kilipokuwa chumba chao cha kulala.

Vumbi na vipande vya mbao viliwaangukia kitandani, vikaingia kwenye sufuria. Kwa hiyo akachukua turubai, akalitandaza juu ya shimo, akalipigilia misumari midogo pembezoni. Alilivuta vizuri, likanyooka bila kunjo hata moja. Mikono ile ilikuwa haijui kutandika kitambaa ovyo. Vumbi lilipolikalia, rangi yake ikafanana na ya mbao.

Mbao mpya zilikuwa kwa seremala, anaziranda. Wiki ijayo, alisema.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Mlango wa nyuma ulikuwa umevimba kwa maji, haufungi, akaung'oa akaulaza uani ili aurande. Bawaba moja, kutu ilikuwa imeila, ikakatika mkononi. Akachukua ile iliyobaki kama kipimo, akasimamisha kipande cha bati pale mlangoni kuziba uwazi, akaegemeza tofali, akatoka kwenda dukani. Alifikiri ni safari ya kwenda na kurudi.

Dukani kulikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika, muuzaji alikuwa na bawaba ndogo tu, akamwelekeza duka la pili. La pili lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Akasubiri. Akazungumza na mama mmoja aliyekuja kununua rangi, akamshauri asichukue ile ya bei rahisi. Walicheka jambo fulani. Hata hakulikumbuka baadaye, ila alikumbuka kwamba walicheka.

Aliporudi aliona bati limeondolewa. Halikutupwa, limeegemezwa ukutani kwa adabu, na tofali limewekwa pembeni yake. Mwizi hafanyi hivyo. Akaingia, akapita hadi chumba cha mbele. Kofia ilikuwa msumarini.

"Baba?" aliita. "Baba, uko wapi?"

Tayari alikuwa ameshajua. Miguu haikumpeleka kwenye ngazi; ilimpeleka kwenye chumba chao. Mzee alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, turubai limemzunguka kiunoni, mguu mmoja umekaa vile ambavyo mguu haukai. Mwanga uliingia kutoka juu, kupitia shimo, ukamwangukia usoni. Macho yalikuwa wazi.

Akapiga magoti. "Usijisogeze, baba. Usijisogeze. Naita watu."

"Fundi."

"Nipo."

"Sakafu yangu umeipeleka wapi?"

 Alimshika mkono, akapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Mzee hakumaliza juma hospitalini. Inasemekana hakuongea tena neno la maana, ila alimwita muuguzi fundi.

Kabla ya mazishi Mama Karai aliitwa kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Mumewe alimsindikiza. Walipofika nje ya ofisi akamvuta pembeni, akanong'ona: "Sikiliza. Mlango ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa, yeye akavunja. Nimeshaurudishia."

"Umeurudishia lini?"

"Jana. Sikiliza, mke wangu. Mzee ameshakwenda, hamrudishi mtu kwa maneno. Sisi ndio tuliobaki."

Akaingia. Askari alikuwa kijana mwenye mafua, anapenga kamasi kila mstari.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Mlango haukuwepo. Niliung'oa."

"Na hilo shimo?"

"Nililifunika kwa turubai."

"Uliweka alama? Kamba, ubao, chochote?"

"Hapana."

"Ulikuwa unajua huyu mzee huwa anakuja?"

Mama Karai akatazama mikono yake. Saruji ilikuwa kwenye kucha, haitoki kwa sabuni yoyote, hata ya kiwandani kwa mumewe. "Nilijua."

Askari akaacha kuandika, akamtazama kidogo kwa huruma au kwa kuchoka, akaendelea. Walimwambia aende nyumbani, asisafiri, jalada litategemea familia.

Wale wana wawili walifika kwa mazishi, wamevaa suti. Mama Karai alikuwa amesimama nyuma kabisa ya watu, lakini mkubwa wao alionyeshwa na mtu, akamwendea mbele ya wote. "Umemuua baba yetu kama panya. Kwa mtego." Watu wakageuka.  Mumewe alimshika kiwiko akamwondoa. Njiani mumewe alisema, "Wao walikuwa wapi?" Naye akasema, "Nyamaza, baba watoto." 

Binti wa mzee alikuja siku za baadaye, mchana, peke yake. Mama Karai alikuwa anaosha karai uani. Alipomwona alifikiri amekuja kutukana, akasimama wima kupokea. Lakini binti akaketi kwenye kigoda, kile cha mzee, akaangalia chini.

"Siku ile geti sikulifunga," alisema.

"Ulisahau. Hata mimi..."

"Sikusahau, dada. Nililifungua." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayesoma maandishi madogo kwenye chupa. "Alikuwa analia tangu alfajiri. Anapiga geti kwa fimbo, anaita mama. Majirani wamesimama wananitazama. Nimechelewa kazini, na siku mbili kabla nilikuwa nimeshaonywa. Nikatoa kufuli. Nikamwambia, haya nenda. Nenda kwako, uniache nipumue."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye karai. Mama Karai hakujua aliinamishe au aliweke.

"Nilipofika kazini nikahisi raha," binti alisema. "Hilo ndilo silali nalo. Nilihisi raha mpaka waliponiita."

Hawakukumbatiana. Hakuna aliyemwambia mwenziwe amesamehewa. Kila mmoja aliona hana cha kugawa. Walikaa mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia, binti akainuka, akasema atazungumza na kaka zake. Alizungumza nao vipi haikujulikana, lakini jalada halikufika mahakamani. Watu walisema ni amri ya Mungu. Mama Karai alipoambiwa hivyo aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa kubishana na mtu anayekufariji ni kazi.

Mbao mpya zilifika. Alizipigilia mwenyewe. Alimaliza bafu, akamaliza dari, akapaka rangi. Mumewe akavuta nyaya, taa zikawaka. Haijapata kutokea kazi yake ikawa nzuri vile. Dalali alipita vyumba vyote akipiga ulimi. "Hii itaondoka wiki hii. Ila mama, midomo. Nyumba haina ulimi, na wewe usiwe nao."

Wa kwanza walikuja mume na mke, wapya katika ndoa, wameshikana vidole. Mke alizunguka dirisha hadi dirisha. Kule ukumbini juu akasimama. "Hizi mbao mbona ni nyeupe kuliko nyingine?"

Dalali akaanza kusema jambo kuhusu mchwa. Mama Karai akamkata. Alieleza yote, pale pale, kwa sentensi chache. Yule msichana aliondoa mguu juu ya mbao kama aliyekanyaga moto, wakashuka, wakaaga kwa heshima, hawakurudi.

Ikawa hivyo kwa waliofuata. Si kwamba wote waliuliza. Baadhi hawakuuliza na bado aliwaambia. Dalali akakoma kuleta watu. Mumewe, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kupaza sauti, siku moja aligonga meza mpaka kikombe kikaruka.

"Unauza nyumba au unaungama? Niambie nijue! Kama unaungama, nenda kanisani, nenda msikitini, nenda popote! Hapa tunakufa njaa!"

"Watalala chini ya zile mbao, baba watoto. Lazima wajue."

"Sisi tunalala chini yake kila siku. Nani alituuliza?"

Ni kweli, walikuwa bado wanalala chumba kile. Walikuwa wamehamisha kitanda kikaenda ukuta wa pili, lakini chumba kilikuwa kimoja, na hakuna aliyependekeza vyumba vingine kwa sababu vilikuwa vya mnunuzi, vimeshapakwa rangi.

Mwisho alikuja mfanyabiashara wa matairi. Alisikiliza habari yote huku anachokonoa meno, akaangalia juu, akaangalia chini. "Matairi yangu hayaogopi maiti," alisema. Alitaja bei ambayo haikurudisha hata walichotumia kwenye mbao na saruji, acha nyumba yenyewe. Mumewe alimtazama Mama Karai. Kwa macho alikuwa anamwomba akatae na pia akubali. Akakubali.

Wakapanga chumba kimoja upande mwingine wa mji. Mumewe anaendelea na kiwanda, ingawa wanapunguza watu na kila mwisho wa mwezi anarudi anapumua kama aliyevuka mto. Hamlaumu mkewe kwa maneno. Hula, hushukuru, hulala akielekea ukutani.

Mama Karai hanunui nyumba tena. Anapiga plasta kwa kutwa kwenye majengo ya watu, pamoja na wale wale mafundi, ambao siku hizi hawampigii miluzi na hunyamaza kidogo anapofika. Alipita mara moja ule mtaa. Madirisha marefu aliyoyapiga msasa kwa mkono yalikuwa yamezibwa kwa matairi mpaka juu, na mlango wa mbele umebadilishwa ukawekwa wa chuma. Hakusimama.

Vumbi la saruji likamwingia kifuani mwaka huo, kikohozi kikakataa kuondoka. Kulikuwa na maduka ya dawa karibu na jengo alikofanya kazi, lakini akatembea hadi lile lingine. Binti wa mzee alikuwa kwenye kaunta, amekonda, nywele amekata fupi. Walisalimiana. Binti akamuuliza kikohozi kina muda gani, kina makohozi au kikavu, kinamzidi wakati gani. Akachagua chupa, akaichunguza tarehe, akamweleza jinsi ya kuinywa, akamsisitizia afunge kitambaa puani akiwa kazini.

"Utafanya hivyo, dada?"

"Nitafanya."

Nyuma ya Mama Karai mteja mwingine alikuwa amesimama anangoja. Binti alimrudishia chenji mkononi, akaushika mkono ule muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutoa chenji, kisha akaachia akamwita anayefuata. Mama Karai akatoka. Akarudi kwenye jengo, maana mapumziko yalikuwa yamekwisha na plasta ilikuwa imeshachanganywa.